Mpini Usioteleza: Fimbo ya Kuvulia na Mkono Unaoishika

Jioni, maji yanapoanza kujaa na kuipiga miamba, pwani yetu hupata watu wa aina yake: makarani, madereva, walimu, mafundi cherehani na wastaafu, waliobeba fimbo ya kuvulia begani na ndoo mkononi, na aghalabu mtoto mmoja au wawili wanaofuata nyuma. Hawa si wavuvi wa dau wala wa ngalawa. Mchana wana kazi nyingine. Wanachokitafuta ni kitoweo cha usiku, changu wawili au kolekole mmoja, pamoja na saa mbili za upepo wa bahari ambazo ofisini hazipatikani. Wakikutana hapo miambani huzungumza mengi: chambo gani kinapendwa msimu huu wa kusi, mshipi wa unene gani unafaa, rili ipi inadumu katika maji ya chumvi. Katika mazungumzo yote hayo ni nadra kumsikia mtu akizungumzia mpini.

Twaona hilo ni jambo la kushangaza, kwani mpini ndio mahali ambapo mkono wa mvuvi unakutana na chombo chake. Mtu atatoa fedha nyingi kununua rili inayong'aa, kisha ataishikilia kwa sponji iliyolainika kwa mafuta ya dagaa hata ikawa kama sabuni. Katika makala haya, ndugu msomaji, tunakusudia kueleza kwa nini mpini huteleza, kwa nini kuteleza huko kunauchosha mkono kuliko samaki mwenyewe, na jinsi mtu anavyoweza kuuvika mpini wake kwa vitu ambavyo vingi vyake tayari vimo nyumbani au kwa fundi baiskeli wa mtaani.

Kinachouchosha mkono

Tuanze na hesabu ndogo. Tuseme fimbo ina urefu wa mita 3.6, kitako chake umekiegemeza kiunoni, na mkono wa kushoto umeishika sentimita 90 kutoka kitakoni, mbele kidogo ya rili. Samaki akiuvuta mshipi kwa nguvu ya kilo 3, na mshipi ukawa umekaa pembemraba na fimbo, mkono ule haubebi kilo 3. Unabeba kilo 12, kwa sababu fimbo ni wenzo, na ncha yake iko mbali mara nne kuliko ulipo mkono. Fimbo inapojipinda, ncha husogea karibu na mzigo hupungua. Ndiyo maana fimbo inayopindika vyema humpumzisha mvuvi kuliko fimbo kavu isiyokubali kupinda.

Mzigo huo, hata hivyo, mkono unaweza kuupokea kwa kuukinga tu, kama mtu anavyokinga boriti kwa kiganja kilicho wazi. Taabu huanza pale fimbo inapotaka kuzunguka ndani ya kiganja au kuchomoka. Kila unapozungusha mkono wa rili, fimbo nayo hutaka kujisokota. Samaki akikimbilia pembeni, husokota zaidi. Na akivuta ghafla wakati fimbo imelala kuelekea baharini, basi huivuta fimbo yenyewe imtoke mtu mkononi. Dhidi ya hayo yote mvuvi ana kinga moja, nayo ni msuguano kati ya ngozi ya kiganja na uso wa mpini. Msuguano ukipungua, hana budi kubana zaidi. Ikiwa maji, ute wa samaki na mafuta ya chambo vimeupunguza msuguano ukabaki nusu, kuishikilia fimbo ile ile kutadai kubana mara mbili. Na misuli inayobana vidole, sehemu yake kubwa imo katika kigasha. Mtu anaporudi nyumbani akilalamika kwamba kigasha kinamuuma ilhali ndooni mna tasi watatu wadogo, tusiwasingizie tasi.

Kifuniko kizuri cha mpini humpa mvuvi mambo mawili kwa pamoja. La kwanza ni uso unaokamata hata ukilowa. La pili, ambalo wengi hawalifikirii, ni unene. Mpini wenye kipenyo cha milimita 22 ukinenepeshwa hadi milimita 33, kiganja kinachobana kwa nguvu ile ile kitaweza kuzuia msokoto kwa nusu zaidi ya awali, kwa kuwa sasa kinashikia mbali zaidi na kiini cha fimbo. Ni sababu ile ile inayofanya bisibisi yenye mpini mnene ikaze skrubu kwa urahisi kuliko bisibisi nyembamba.

Jambo hili limeandikwa na wataalamu wa afya kazini. Mwaka 2004 taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, iitwayo NIOSH, kwa kushirikiana na idara ya kazi ya jimbo la California, ilitoa mwongozo wa kuchagua zana za mkono zisizotumia umeme. Kwa zana zinazohitaji nguvu, mwongozo huo unapendekeza mpini wenye kipenyo cha kati ya inchi 1¼ na inchi 2, yaani milimita 32 hadi 50 hivi. Mpini ukiwa mwembamba, unashauri uvikwe ala ya kuunenepesha na kuupa uso usioteleza, na unasisitiza kwamba ala hiyo ibane barabara isije ikazunguka juu ya mpini. Unatahadharisha pia juu ya mipini iliyochongwa vijishimo vya vidole, kwa kuwa vijishimo vya mkono mmoja humuumiza mwenye mkono mwingine. Waandishi wake walikuwa na nyundo na koleo akilini, si fimbo za kuvulia. Lakini kiganja ni kile kile.

Kupima mpini si kazi kubwa. Chukua uzi, uzungushe mara moja mahali unaposhika, kisha uupime kwa rula. Ukisoma sentimita 7, mpini wako una kipenyo cha milimita 22 hivi. Ukisoma 10, umefika milimita 32. Sisi hatuoni haja ya kufika milimita 50 kwa fimbo ya kurusha, kwa sababu fimbo si nyundo; inataka wepesi, na mkono unapaswa kuhisi mdonoo wa samaki. Kwa mwanamume wa kawaida, kati ya milimita 28 na 35 panatosha, na kwa mkono mdogo pungufu ya hapo.

Fimbo iliyoachwa nyuma ya mlango

Tunamfahamu mzee mmoja, mstaafu wa bandarini, ambaye kwa miaka mingi alikuwa hakosi miambani siku za mwisho wa wiki. Viungo vya vidole vyake vilianza kuvimba, na asubuhi za baridi hata kufunga vifungo vya shati kukawa ni kazi. Hakumwambia mtu. Siku moja maji yakiwa yamejaa, samaki alivuta kwa kishindo, fimbo ikamponyoka na kuteleza juu ya mwamba. Mjukuu wake wa miaka 9 aliruka kuifuata. Mtu aliyekuwa karibu alimdaka mtoto kwa shati, mguu mmoja ukiwa tayari umelowa. Fimbo ilikwenda na samaki.

Nyumbani bibi alikata shauri papo hapo kwamba uvuvi umekwisha, na mzee hakubisha. Fimbo yake ya pili ikabaki nyuma ya mlango wa stoo kwa miezi. Aliyeitoa ni binti yake, fundi cherehani.

"Baba, hii nayo ina kasoro gani?"

"Haina kasoro, mwanangu. Mkono ndio hauibani tena."

Binti huyo hakujua lolote kuhusu uvuvi, ila alijua mikono, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amekwisha kuufunga kitambaa mpini wa mkasi wake mkubwa ili usimchubue kidole gumba. Alimwambia babake aishike fimbo kama anavyoishika akivua, akaweka alama za chaki mahali vidole vilipoanzia na vilipoishia. Alikata utepe wa tyubu ya baiskeli, akauzungusha juu ya mpini mwembamba wa nyuma na wa mbele mizunguko ya kwenda na kurudi, kisha akavika juu yake utepe wa raketi. Uzi wa kupimia uliokuwa ukisoma sentimita 7 sasa ulisoma karibu 10. Mzee aliishika, akaizungusha kiganjani, akaomba chubwi lifungwe kwenye mshipi na binti avute kutoka upande wa pili wa ua. Haikuteleza.

Siku hizi huvulia ufukweni, ameketi kwenye kiti, si mwambani tena. Hilo lilikuwa sharti la bibi na halina mjadala. Mjukuu hukaa na ndoo nyuma yake.

Hatusemi kwamba utepe ni dawa ya baridi yabisi. Mwenye viungo vilivyovimba na amwone daktari. Lakini kati ya mtu na jambo alipendalo wakati mwingine hukaa kikwazo kidogo sana, na nguvu za kubana huanza kupungua kwa watu wote umri unapoendelea, wagonjwa na wazima.

Kabla ya kuvika, osha

Mipini mingi ya fimbo zinazouzwa madukani ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya sponji ngumu iitwayo EVA, jamaa ya ile inayotumika kutengeneza ndala nyepesi. Ya pili, ambayo hupatikana zaidi kwenye fimbo za bei kubwa, ni ya gome la kizibo, lile linalozibia chupa. Gome hilo hutoka kwenye mwaloni wa nchi za Mediterania, na karibu nusu ya gome lote linalotumika duniani hutoka Ureno. Mti hungojwa miaka 25 hivi kabla ya kubanduliwa mara ya kwanza, kisha huachwa angalau miaka 9 kabla ya kubanduliwa tena, na hauangushwi. Ndani yake ni vijumba vidogo mno vilivyojaa hewa, ndiyo maana ni jepesi, lina joto mkononi, na likilowa halitelezi kama plastiki. Mwenye mpini wa gome zima hana sababu ya kukimbilia kuufunika.

Aghalabu kinachoteleza si mpini bali ni uchafu juu yake. Mafuta ya dagaa, ute, jasho na chumvi hujenga utando unaong'aa. Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, osha mpini kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ukisugua kwa brashi laini, kisha uache ukauke kivulini. Ukikauka, pitisha msasa mwembamba kwa mkono mwepesi, si kwa ajili ya kuuchonga, bali kuondoa ule mng'ao. Hii inafaa kwa gome na kwa sponji pia. Tumeona fimbo zilizokwisha kuhukumiwa zikirudi katika hali nzuri kwa robo saa ya kazi hii. Na hata ikiwa bado unataka kuvika ala, kazi ya kuosha haikupotea, kwa maana hakuna gundi wala utepe unaoshika juu ya mafuta. Futa mara ya mwisho kwa kitambaa chenye spiriti kidogo.

Kisha chagua mahali. Si lazima kufunika fimbo nzima, na kiti cha rili kisiguswe kabisa, kwa sababu ala juu yake itazuia rili isikae sawasawa. Shika fimbo kama unavyorusha na kama unavyovuta. Katika kurusha kwa mikono miwili, mkono mmoja huwa kwenye rili na wa pili karibu na kitako, ukivuta kwa nguvu. Katika kuvuta samaki, mkono mmoja huwa mbele ya rili. Sehemu hizo, ya kitakoni na ya mbele ya rili, ndizo zinazodai ala; katikati yake mara nyingi hapashikwi kabisa.

Vya kuvika

Kitu rahisi kuliko vyote ni tyubu ya baiskeli iliyokwisha kutoboka. Fundi atakupa bure au kwa bei ya chai. Ikate kwa urefu wake upate utepe wa upana wa sentimita 3, uoshe ute unga mweupe uliomo ndani, ukauke. Anza kuzungusha kutoka kitakoni kwenda juu, ukivuta utepe unyooke, kila mzunguko ukifunika nusu ya uliotangulia. Mwelekeo huu una sababu, na mtu aliyeezeka nyumba kwa makuti ataielewa mara moja. Makuti huanzwa chini ili la juu lilalie la chini na maji yateremke bila kuingia. Vivyo hivyo, samaki akiivuta fimbo kwenda mbele, kiganja husukumwa kuelekea kitakoni. Kikikuta kingo za utepe zimelala upande huo, kitapita juu yake. Ukianzia juu, kiganja kitazikunjua kingo moja baada ya nyingine, na kabla mwezi haujaandama utepe utakuwa umevurugika. Malizia kwa mizunguko michache ya tepu ya umeme.

Kasoro ya tyubu ni kwamba upande wake laini ukilowa ute nao huteleza, ingawa si kama plastiki. Dawa yake ni kuweka matuta chini yake. Kabla ya kuvika mpira, zungusha uzi mnene kwenye mpini ukiacha nafasi ya sentimita 1 kati ya mzunguko na mzunguko, kama nyoka aliyejizongoa mtini, kisha vika mpira juu yake. Matuta yale hujichora juu ya mpira na vidole hupata pa kukamatia. Kasoro ya pili ni weusi. Siku za kwanza mpira wa zamani huchafua viganja, na kanzu nyeupe isiwe karibu.

Tunachokipenda sisi zaidi ni uzi wa pamba. Kamba nyembamba ya pamba iliyosokotwa, ya unene wa milimita 2, ikizungushwa kwa kubana mzunguko kando ya mzunguko bila nafasi, huongeza milimita 4 kwenye kipenyo na kuacha uso wenye mifereji midogo ambamo maji na ute huingia badala ya kukaa chini ya ngozi. Kwa mpini wa milimita 22, kufunika sentimita 20 ni mizunguko 100, na kila mzunguko hula sentimita 7 na nusu, hivyo jumla ni mita 7 na nusu. Nunua mita 9 usije ukapungukiwa mwishoni. Pamba ina tabia njema: ikilowa, nyuzi zake huvimba na kamba hufupika, hivyo hujikaza yenyewe juu ya mpini. Kwa sababu hiyo ifunge ikiwa kavu. Ukiifunga ikiwa imelowa, itakapokauka italegea. Nailoni ni kinyume chake, hulegea kidogo ikipata maji, na juu ya hayo huteleza.

Ugumu wa uzi uko katika kuanza na kumaliza bila fundo, kwa sababu fundo chini ya kiganja ni msumari. Mwanzoni, laza ncha ya kamba juu ya mpini sentimita 3 kuelekea unakokwenda, kisha zungusha juu yake. Mizunguko yenyewe itaibana. Zikisalia sentimita 3 kufika mwisho, chukua uzi mwingine mwembamba wa nailoni, ukunje uwe kitanzi, ulaze juu ya mpini jicho la kitanzi likitazama mbele unakokwenda na ncha zake zikibaki nyuma. Endelea kuzungusha juu ya kitanzi hicho mpaka umalize. Kata kamba, pitisha ncha yake katika jicho, kisha zivute kwa nguvu zile ncha mbili za nailoni kurudi nyuma. Kitanzi kitaondoka na ncha ya kamba, na kuiburuta chini ya mizunguko. Kata kinachojitokeza. Ndivyo mafundi wanavyofunga hata pete zinazopitisha mshipi kwenye fimbo, na ajifunzaye mara moja hasahau.

Mzee mmoja alituuliza kwa nini tusitumie usumba, nyuzi za nazi tulizorithi. Swali lake lina uzito. Mitepe ya pwani hii ilishonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, na mpaka leo akinamama wa mashariki ya Unguja hufukia makumbi katika mchanga wenye maji kwa miezi, huyaponda, kisha husokota. Usumba hauogopi chumvi wala hautelezi. Tatizo lake ni ukali. Kwa kutweka tanga ni mzuri, lakini kwa kiganja kinachozungusha na kurusha mara mia kwa jioni moja utachubua. Mwenye kuupenda na auweke chini, kama matuta, na juu yake avike kitu laini. Wajapani walifanya jambo lenye maana hiyo katika panga zao za zamani: waliuvika mpini wa mbao ngozi ya taa yenye vipele vigumu, kisha wakazungushia utepe wa hariri au wa pamba, vile vipele vikiuzuia utepe usisogee. Taa wanatua katika masoko yetu ya samaki kila siku, na hatujamwona mtu akifikiria ngozi yake.

Utepe wa raketi, ule wanaozungushia wachezaji wa tenisi, huuzwa katika maduka ya vifaa vya michezo. Ni mwembamba, chini ya milimita 1, hunyonya jasho na hubadilishwa kwa dakika tano. Mmoja wa sentimita 110 na upana wa sentimita 2 na nusu, ukilaliana nusu kwa nusu, utafunika kama sentimita 17 za mpini. Haunenepeshi sana, basi hufaa juu ya kitu kingine, kama alivyofanya yule binti. Haudumu. Chumvi na jua huumaliza kwa msimu, lakini bei yake si ya kumliza mtu.

Lipo pia bomba la plastiki linalosinyaa kwa joto, sawa na lile ambalo mafundi umeme hulivika kwenye maungio ya nyaya. Kwa ajili ya mipini hutengenezwa lenye michoro ya msalaba usoni. Unalivika likiwa pana, unalipasha joto, nalo linakumbatia mpini pasipo gundi. Matokeo yake ni nadhifu kuliko yote. Tahadhari moja tu: fimbo za faiba na za kaboni zimeshikamanishwa kwa gundi ambayo joto kali huilegeza. Tumia mashine ya kukaushia nywele au bunduki ya joto, uisogeze muda wote, na usithubutu kutumia moto wa mshumaa au kiberiti cha gesi.

Na wale wenye ndala zilizokatika wasizitupe. Wavuvi wetu wamekuwa wakizikata kuwa maboya ya nyavu tangu zamani, na mwaka 2018 huko Lamu lilishushwa majini dau la Flipflopi, lililoundwa kwa taka za plastiki na kupambwa kwa maelfu ya ndala zilizookotwa. Kwa mpini, kata ndala vipande vya duara, toboa katikati, vipange kimoja juu ya kimoja kwa gundi kutokea kitakoni baada ya kuondoa kifuniko cha kitako, kisha lainisha kwa msasa hadi upate umbo. Mipini ya gome la kizibo nayo huundwa hivyo hivyo, pete juu ya pete. Ni kazi ya jioni nzima na watoto huipenda, hasa wakiachiwa kuchagua rangi.

Mkono wa mtoto, na glavu

Kosa tunaloliona kwa akina baba ni kumvikia mtoto mpini kama wanavyojivikia wao. Mkono wa mtoto wa miaka minane ukizunguka mpini wa milimita 33, vidole havikutani na kidole gumba, na hapo unene uliokuwa msaada kwa babu unageuka kuwa kikwazo kwa mjukuu. Mtoto anahitaji uso unaokamata bila unene: utepe wa raketi peke yake, moja kwa moja juu ya mpini. Tena fimbo yake iwe fupi, kwa sababu ya ile hesabu ya wenzo tuliyoanza nayo.

Wengine hutuambia, "Kwa nini nisivae glavu nikamaliza?" Glavu humkinga mtu na mshipi unaokata na miiba ya samaki, na kwa kazi hiyo tunaisifu. Lakini glavu hupunguza nguvu ya kubana, kwa kuwa sehemu ya nguvu huishia kuikunja glavu yenyewe, na hupunguza hisia za vidole. Wavuvi wengi wa mshipi wa mkono wameligundua hilo, nao huvaa kipande cha mpira kwenye kidole kile tu kinachopitisha mshipi, vidole vingine vikabaki wazi.

Baada ya bahari

Ala yoyote huficha kilicho chini yake. Maji ya chumvi yakiingia na kukaa, hula vyuma vya kiti cha rili na kuozesha gome, na mtu hajui mpaka siku mpini unapocheza. Ukirudi nyumbani, kabla ya kuoga mwenyewe, mwagia mpini maji baridi yasiyo na chumvi, ukamue uzi kwa kiganja, kisha simamisha fimbo kivulini kitako kikiwa chini na kisigusane na sakafu iliyolowa. Jua kali hupasua mpira na kukausha sponji, basi buti la gari lililoegeshwa juani si mahali pake. Mara moja kwa mwaka, kabla ya kaskazi kuanza, vua ala yote utazame. Tyubu ikionyesha nyufa ndogo ukiivuta, itupe. Uzi wa pamba ulioanza kuwa mweusi waweza kuoshwa kwa sabuni ukiwa papo hapo kwenye mpini. Ukinyauka, kata na uanze upya. Utepe wa raketi ukianza kung'aa, ubandue, futa gundi iliyobaki kwa kitambaa chenye mafuta ya taa kidogo, osha mpini kwa sabuni mpaka harufu iishe, na uuache ukauke usiku mzima ndipo uvike mwingine.